Leso ya Mama Bernardine

Mama Bernardine alikufa Jumanne asubuhi, kabla chai haijapitishwa vyumbani, na aliyemkuta ni Dinah.

Tuseme mapema kwamba Dinah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi ya kutunza wazee, sita kati ya hiyo katika nyumba hii ya wazee ya Burnsville, Marekani, na hakuna mzee aliyewahi kulala na shuka lililolowa katika zamu yake. Alikuwa mke wa Naftali, mama wa watoto wawili, shemasi katika kanisa la Wasabato wenzake kutoka Kisii na Nyamira, na mwanamke aliyejua kusafisha kitu kikasafishika. Wenzake wakimwona anaingia chumbani walijua chumba hicho kimepata mtu.

Mama Bernardine alikuwa Mkongomani, mzaliwa wa milima iliyo juu ya Uvira. Alikuwa ameishi miaka ishirini katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa Minnesota, na huku Minnesota kiharusi kikamchukua upande wa kulia na karibu maneno yote. Alichobakiwa nacho ni mkono wa kushoto, na katika mkono huo kulikuwa na kitambaa. Kidogo, cha mraba, kilichowahi kuwa cheupe zamani za kale na sasa kilikuwa rangi ya chai iliyolala, kinang'aa kwa mafuta, pembe moja imefungwa fundo. Ukiinama kumgeuza, mkono ulinyanyuka taratibu, kitambaa kikakupita kwenye paji la uso, huku mdomo wake ukinung'unika vitu ambavyo Mungu peke yake aliweza kuvifuata.

Wengine walipenda. Kuna daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akiinamisha kichwa mwenyewe. Dinah hakupenda hata kidogo. Siku ya kwanza alipopanguswa alikwenda moja kwa moja kwenye sinki akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka.

"Aki Dinah," alisema Lynette, Mkenya mwenzake wa zamu, "hiyo si ni mambo ya waganga?"

"Mimi simo," Dinah alimjibu. "Mungu wangu hana haja na hanki."

Wakacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanakiita kitambaa kile "dawa ya nyanya", yaani ya bibi, na Dinah akajifunza kumgeuza mama yule kutoka nyuma, mkono usimfikie.

Basi Jumanne hiyo nesi alikuja, akasikiliza kifua, akaandika saa, akapiga simu kwa binti wa marehemu. Binti aliitwa Ernestine, na kwa wakati huo alikuwa ghalani Shakopee, mji wa jirani, tangu saa kumi na mbili asubuhi, akifunga masanduku ya watu asiowajua. Hakukaa dakika kumi akapiga simu mwenyewe na kuomba kuzungumza na Dinah, kwa sababu asubuhi hiyo Dinah ndiye aliyekuwapo pale anayejua Kiswahili.

"Dada Dinah, mama amekwenda." Nyuma yake mashine zilikuwa zikivuma. "Ninangojea mutu wa kunileta. Minakuomba kitu kimoja tu. Leso ya mama. Unichungie ile. Hata vingine vyote vikipotea, leso isipotee, tafazali."

"Usijali, dada," alisema Dinah. "Leso yake nitaiweka mimi mwenyewe."

Alisema kwa moyo wake wote. Maana Nyamira, na Kenya nzima ukipenda, leso ni ile nguo mwanamke anayojifunga kiunoni, anayobebea mtoto, anayojifunika akilia. Na Mama Bernardine alikuwa nayo, ya buluu yenye ndege wa manjano, imepauka kwa kufuliwa, huwa imetandikwa miguuni pake. Dinah aliikunja pale pale akaitia kwenye mkoba wake ili akaifue kwa mkono nyumbani, asije mtu wa dobi akaichanganya na mashuka ya kituo.

Halafu akarudi kumwosha marehemu.

Alimwosha uso, shingo, kifua, miguu. Akafika mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vimekamata kitambaa, na vilikuwa vimeanza kukaza. Dinah akavifungua kimoja kimoja. Kidole cha mwisho kilimshinda kidogo, ikabidi atumie nguvu. Akakichomoa kile kitambaa kwa ncha mbili za glavu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na akasita.

Hakusita sana. Muda wa kupumua mara mbili, si zaidi. Baadaye alijaribu kupapita mahali hapo haraka kila alipokumbuka, lakini palikuwepo. Aliutazama mkono mtupu wa mama yule ukiwa bado umejikunja. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa pumzika na mambo haya," akakidondosha kwenye mfuko wa taka pamoja na glavu na vitambaa vya kuoshea, akafunga mfuko. Na akaona raha. Aibu kulisema, lakini aliona raha, ile raha ya mtu aliyemfagilia jirani uchafu wake bila kutumwa.

Jumatano Ernestine alikuja kuchukua vitu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, macho yamevimba. Dinah alimkabidhi mfuko kwa mikono miwili. Juu kabisa aliiweka ile nguo ya ndege wa manjano, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa ikakunjika.

Ernestine aliishika akalia kidogo. "Asanti, dada. Asanti sana. Umefua hata kikwembe cha mama." Kisha akapekua mfuko mpaka chini. "Na leso?"

"Si ndiyo hiyo?"

"Hapana, hii ni kikwembe. Leso." Akajipitisha mkono kwenye paji la uso. "Ile ya kupanguzia sura. Ile ya maombi."

Dinah akaelewa leso kwao ni nini. Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa limemchanganya, kosa la lugha, lingesameheka hapo hapo kwenye korido na watu wangelia pamoja na kwenda zao. Lakini Ernestine alikuwa amemshika mikono yote miwili, na alikuwa akimtazama vile watu wanavyomtazama mtu waliyemwachia mama yao.

"Aa, hiyo!" alisema Dinah. "Hiyo nilienda nayo nyumbani. Niliogopa hapa itapotea."

Ernestine akafumba macho. "Mungu akubariki. Unajua, ile leso ndiyo kanisa letu. Wakati tulikimbia hatukubeba kitu. Mama alichota udongo kidogo tu, pale chini mahali tulikuwa tunapiga magoti, akaufunga ku leso. Kule kambini, mutu akigonjwa, mutu akifiwa, mama anamupanguza. Miaka yote ile. Kila mutu jasho lake iko mule." Akajifuta pua. "Jumamosi tunazika. Dimanche, Jumapili yake, bamama wote watakuya kwangu, nipokee leso mbele yao. Uilete wewe mwenyewe. Wewe ndiye ulimufunga mama macho."

Ernestine alipoondoka, Dinah alishuka chini ya jengo kunakowekwa takataka. Mapipa yalikuwa matupu, yamekwisha oshwa, yananukia dawa. Mfanyakazi wa pale alimwambia lori lilikuja asubuhi ileile.

Jioni alimsimulia Naftali kama kichekesho, na kichekesho hakikuchekesha. Naftali alikuwa nesi wa hospitali, mtu wa maneno machache aliyekula taratibu.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini? Ni kitambaa, Naftali. Kichafu. Ungekiona."

"Na ule mkate?"

Mkate Dinah aliujua. Kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, yeye na mashemasi wenzake waliuoka wenyewe, bila chachu, wamefunga vichwa na hawapigi soga. Na ukibaki, hautupwi wala hapewi mtoto hata akilia njaa. Januari iliyopita, baridi ikiwa imeshuka hadi gari zinakataa kuwaka, Dinah alisimama nyuma ya kanisa kwenye theluji, karibu na jiko la nyama choma la mzee wa kanisa, akichoma vipande viwili vya mkate mpaka vikawa jivu, na divai iliyobaki akaimimina ardhini palipokuwa na barafu. Vidole vilimuuma siku tatu. Hakuna aliyewahi kumwambia ule ni unga tu.

"Si kitu kimoja," alisema.

"Sawa," alisema Naftali, akaendelea kula.

Dinah alikasirika, akagombeza vyombo vyote jikoni. Ukimwuliza alikuwa amemkasirikia nani, asingejua pa kuanzia.

Ijumaa alitoka kazini mapema akapitia dukani. Hanki za kiume, nyeupe, sita kwa pakiti, maana moja moja hawauzi. Nyumbani alichemsha chai kavu kwenye sufuria, akaloweka hanki moja, akaikausha, akaipaka mafuta ya zeituni, akaiviringisha mkononi, akaisugua kwenye sakafu, akaipaka tena. Likabaki fundo. Alikumbuka kwamba siku ile kidole chake kiligusa kitu kigumu kwenye fundo. Udongo wa Minnesota ulikuwa bado umeganda, na hata hivyo mkono wake ulikataa kwenda kuuchota. Akafungua kopo la maharagwe makavu, akatoa moja, akalifunga kwenye pembe.

Aliitazama kazi yake ikiwa juu ya meza. Ilifanana. Jua lilikuwa linatua na Sabato inaingia, watoto wameanza wimbo sebuleni, na yeye shemasi amesimama jikoni mikono inanuka mafuta. Akanawa haraka akaenda kuimba, na wimbo mzima hakuweza kumtazama Naftali usoni.

Jumapili alikwenda. Nyumba ya Ernestine ilikuwa ghorofa ya pili, upande wa maegesho, na viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Ndani wanawake kama kumi na watano walikaa chini kwenye zulia, vikwembe juu ya magoti, hawajawasha televisheni. Picha ya Mama Bernardine ilikuwa ukutani. Walisimama wote kumsalimu Dinah. Walimkalisha kwenye kochi, yeye peke yake, akawa amekaa juu ya watu wote.

"Huyu ndiye aliosha mama," alisema Ernestine. Wanawake wakapiga makofi polepole.

Karibu na miguu yake alikaa bibi mmoja mzee sana, macho yamefunikwa na ukungu. Walimwita Mama Murhula. Alikuwa ametoka mlimani siku moja na Bernardine, na kambini walilala hema moja.

Waliimba. Waliomba. Kisha Ernestine akapiga magoti mbele ya kochi, viganja wazi, na Dinah akatoa hanki kwenye mkoba. Alikuwa ameifunga kwenye karatasi safi. Hata hilo la karatasi lilimwaibisha.

Ernestine aliipokea akaibusu. Kidole gumba chake kikatafuta fundo, jinsi kilivyolitafuta tangu akiwa msichana, na kikasimama. Kikabonyeza tena. Mwanamke aliyechagua maharagwe maisha yake yote hahitaji kuliona haragwe ndipo alijue.

Akainua macho. Dinah alitegemea hasira. Aliona mtu anayefikiri haraka sana, kama mtu aliyefika na gari njia panda. Ernestine aliutazama uso wa Dinah, akawatazama wanawake waliongoja nyuma yake, akarudi kwa Dinah.

"Ni yenyewe," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Wakapaza shangwe. Leso ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akijipangusa, mmoja akicheka kwa machozi, mwingine akiificha usoni asitake kuiachia. Mama Murhula aliinusa. Akanusa tena, akakunja uso, akaipitisha kwa mwenzake. Dinah alikaa juu ya kochi akaona uongo wake ukizunguka chumba na kupokewa kwa midomo. Na sasa haukuwa wake peke yake. Alikuwa amemfanya binti adanganye juu ya mama yake aliyezikwa jana.

"Umupanguze na yeye," alisema mwanamke mmoja. "Amesumbuka kwa ajili yetu."

Ernestine akasimama, leso mkononi. Kitambaa kikamgusa Dinah kwenye paji la uso, na akanusa mafuta ya zeituni, mafuta yake mwenyewe, ya kwenye kabati juu ya jiko, anayokaangia mboga. Akamshika Ernestine kiwiko.

"Si yenyewe," alisema.

Ernestine aliinama karibu naye, akanong'ona kwa ukali, "Nyamaza, dada. Nimekwisha kuibeba hii uongo."

"Siyo yenyewe," alisema Dinah tena, na safari hii wote walisikia.

Ernestine aligeuka akawakabili wanawake. Hata hapo alijaribu. "Mungoje, bamama. Ni luga tu. Bakenya, kikwembe ndiyo banaita leso. Nilimwambia achunge leso, yeye akachunga kikwembe. Ile nyingine ikapotea, akaogopa kuniambia. Hakujua."

Kukawa na mnong'ono wa watu wanaoelewa. Mmoja aliguna, "Aaa, luga!" Mwingine akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa inamtazama Dinah. Mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa. Kilichobaki ni yeye kuitikia kwa kichwa, na lisingekuwa jambo la uongo. Nusu yake ilikuwa kweli tupu.

"Nilijua," alisema Dinah.

Akasogea mpaka ukingoni mwa kochi.

"Leso yetu ni nyingine, hiyo ni kweli. Lakini ile ya mama niliiona mkononi mwake. Nilikuwa nimeiona miezi minane. Nilijua ni kitu chake cha maombi. Niliichukia. Nikaitupa kwa sababu nilijua ni kitu cha maombi, si kwa sababu sikujua."

"Ulitupa wapi?" aliuliza mtu nyuma.

"Kwa takataka. Pamoja na glavu."

Alidhani watampigia kelele. Ernestine alifungua fundo kwa meno, haragwe likamwangukia kiganjani, akalitazama. Kisha akaikunja ile hanki mara mbili, akaiweka juu ya goti la Dinah pamoja na haragwe lake.

"Ningeibeba mimi," alisema. "Bamama wangebaki nayo. Sasa umejisafisha, na bao, hawa bamama, banabaki na nini?" Akaingia jikoni, wakasikia bomba likifunguliwa na kuachwa limwage maji.

Dinah akateremka kwenye kochi akakaa chini. Hakujua kama alikuwa na ruhusa ya kuondoka.

Mkono ukamgusa bega. Ulikuwa wa Mama Murhula.

"Vidole vyake," alisema yule bibi. "Ulivifungua kwa nguvu?"

Dinah alitamani kusema hapana. Angalau hilo.

"Kwa nguvu," alisema. "Cha mwisho kilikataa. Hakutaka kuiachia."

Mama Murhula akawageukia wenzake. "Munasikia? Bernardine alikufa anaikamata. Hiyo ndiyo tunabaki nayo."

"Alikufa anaikamata," alisema mmoja. Mwingine akarudia. Neno likaenda mpaka jikoni, na maji jikoni yakafungwa.

"Mukono gani?" aliuliza bibi.

"Wa kushoto."

"Onesha."

Dinah akaukunja mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya zulia mbele yao. Wanawake wakasogea. Ernestine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Kaza," alisema Mama Murhula. "Kaza vile alikaza."

Dinah akakaza. Bibi, macho yake yamekufa, akaupapasa mkono, akapata kidole cha kwanza, akakifungua. Cha pili. Cha tatu. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana, na iliuma. Kwenye kile kidogo Dinah alijikuta anakaza kweli, kwa nguvu zake zote, analia mbele ya watu asiowajua, na yule bibi hakuwa na haraka. Alikivuta mpaka kikafunguka.